Aya Moja kwa Mtu Mmoja: Namna ya Kushirikisha Wengine Kitabu Ukiwa Bado Unakisoma

Kitabu kikikukolea, huwezi kukaa nacho kimya. Unafika kwenye aya fulani, unarudi juu kuisoma tena, halafu unatazama pembeni kama kuna mtu wa kumsomea. Mwanza mtu huyo hakosekani: abiria mwenzako kwenye daladala ya Buhongwa, jirani wa fremu Makoroboi, mwanafunzi mwenzako Malimbe, shangazi yako aliyeko Nansio. Kinachokosekana mara nyingi ni nakala ya pili, ili na yeye asome. Ndiyo maana dondoo, ile aya moja au mbili unayoitoa kitabuni na kumpa mtu, lina kazi kubwa kwetu kuliko kwa msomaji wa mji wenye duka la vitabu kila mtaa.

Mfano mkubwa kuliko yote upande huu wa ziwa ni wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, na ya watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Hakupata wa kuichapisha. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akasubiri, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili mwaka 1980, miaka 35 tangu aikamilishe. Alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia mkononi. Leo mtu anaweza kukulia Ukerewe akiyasikia majina hayo tangu utotoni na asiwahi kukishika kitabu chenyewe. Ukimtumia aya moja, huenda ndiyo sehemu pekee ya Kitereza atakayoisoma mwaka huu. Basi ichague vizuri na uifikishe ikiwa nzima.

Anza na mtu

Wengi wetu huanza na aya. Tumeipenda, tunaibandika kwenye stetasi ya WhatsApp, saa 24 zinapita, inafutika, na majibu yaliyopatikana ni vidole gumba. Hakuna ubaya, lakini hakuna mazungumzo pia, na mazungumzo ndiyo uliyokuwa ukiyatafuta ulipotazama pembeni.

Jaribu kugeuza mpangilio. Ukiwa unasoma, jiulize nani angeifurahia sehemu hii, nani angeibishia, na nani anaijua kazi inayoelezwa hapa kuliko hata aliyeiandika. Swali la tatu ndilo lenye mavuno. Katika kitabu cha Kitereza, baba yake Bugonoka anamchukua binti yake na kumrudisha nyumbani kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwa kutozaa. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, na kati ya anavyotakiwa kutoa ni pombe ya ndizi. Kitereza haipiti haraka kazi ya kuipata pombe hiyo. Yeye ni mwandishi anayekaa na kazi ya mikono mpaka iishe. Mtumie rafiki yako wa chuo aya mojawapo ya hapo, atakujibu kwamba ni nzuri. Mtumie mama mkubwa aliyekulia Ukerewe kwenye nyumba iliyokuwa ikitengeneza pombe, atapiga simu. Atataka kujua ni ndizi zipi, ziliivishwa wapi, zilikamuliwa kwa majani gani, unga wa mtama uliingia lini na ulikaangwa kiasi gani. Atasema kwao walifanya tofauti. Atamtaja bibi yake. Utakuwa umetoa aya moja na kupokea saa nzima ya mambo ambayo hayapo kwenye kitabu chochote.

Yaandike aliyokwambia. Karatasi ndogo yenye jina lake na tarehe, ikiwekwa kwenye ukurasa ule ule, inatosha. Wazee wanaoweza kusoma ukurasa wa Kitereza na kusema “hapa ndivyo, hapa sivyo” hawaongezeki.

Kama una kundi la ukoo au la wanakwaya na unataka kuweka dondoo humo, bado litaje jina la mtu: “Baba mdogo, hapa nimekukumbuka wewe.” Wengine watasoma kwa kutaka kujua kwa nini ni baba mdogo. Dondoo lisilo na mwenyewe hupita katikati ya matangazo ya michango na hakuna anayelishika. Na liwe moja. Ukituma matatu kwa mkupuo, la kwanza na la tatu yatapotea, na la pili litasomwa nusu.

Aya ya namna gani

Nina msimamo hapa na nausema wazi: achana na misemo ya busara. Sentensi fupi zenye fundisho husambaa zenyewe, hazihitaji msaada wako, na mara nyingi ndizo sehemu dhaifu za riwaya. Mtu akisoma fundisho anakubali kwa kichwa na kuendelea na safari. Mpe mahali ambapo jambo linatendeka. Watu wawili wanabishana juu ya mahari. Mvuvi anashona nyavu. Mama anahesabu fedha mara mbili kwa sababu hazitoshi. Msomaji wako ataingia ndani na kuuliza huyu ni nani na ilikuwaje, na swali hilo ndilo mlango wa kitabu.

Mahali panapojulikana hufanya kazi hiyo pia, na sisi tumebahatika. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi, na riwaya zake za mwanzo zinakanyaga udongo huu huu. Rosa Mistika ya mwaka 1971 inaanzia Ukerewe na kumleta Rosa shule ya sekondari hapa Mwanza. Zikafuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Wengi tulizifahamu kama vitabu vya mtihani, tukakariri wahusika na dhamira, tukafunga. Mtu wa namna hiyo akipokea leo aya inayotaja njia anayoipita au kijiji cha mama yake, bila swali la mtihani chini yake, huisoma kama hajawahi kuiona. Kuna dada zetu na kaka zetu wengi walioachana na vitabu siku ile ya karatasi ya mwisho ya Kiswahili kidato cha nne, na njia ya kuwarudisha ni aya za namna hii, siyo hotuba juu ya umuhimu wa kusoma.

Kuhusu urefu, soma kwa sauti ukitazama saa. Dakika moja ikiisha bado unasoma, ni ndefu. Kata mwanzoni kwanza: aya nyingi zina sentensi mbili za kuandaa mambo ambazo unaweza kuzieleza mwenyewe kwa maneno machache. Halafu angalia mwisho. Ukiweza, simama sentensi moja kabla mwandishi hajaeleza maana ya kilichotokea. Anayepokea atabaki na kazi ya kufanya.

Usitoe uhondo. Kwa riwaya, mimi sitoi kitu kutoka robo ya mwisho, hata kiwe kizuri namna gani, na sitoi sentensi inayoonyesha nani amekufa, nani ameolewa na nani, nani alikuwa mwongo. Kwa Rosa Mistika na Kichwamaji sharti hilo ni zito zaidi, maana miisho yake inamshtua msomaji, na asiyeshtuka kwa sababu yako amenyimwa kitu ambacho hawezi kurudishiwa.

Sema uko wapi, na nani anasema

Hapa ndipo dondoo la kitabu unachoendelea kukisoma linapotofautiana na la kitabu ulichokimaliza. Hujui bado. Mhusika unayempenda ukurasa wa 60 anaweza kukukatisha tamaa ukurasa wa 160. Kutokujua huko ni mali, useme, usifiche. Mtu akijua uko katikati, atakubali kubishana nawe, na ikiwa amekisoma atajizuia kukuharibia.

Jambo la pili ni msemaji. Kichwamaji kinasimuliwa na Kazimoto, kijana wa chuo kikuu mwenye uchungu mwingi na maisha. Ukichomoa maneno yake makali na kuyatuma na jina la Kezilahabi chini yake, umemsingizia mwandishi. Huenda anakubaliana na Kazimoto, huenda anamwonyesha Kazimoto ili sisi tumtazame, na hiyo ni hoja ya kujadili, siyo ya kuamuliwa na aliyekata aya. Tazama ujumbe huu unavyojengwa:

“Shikamoo mjomba. Nasoma Kichwamaji cha Kezilahabi, sijafika katikati. Anayesema hapa ni Kazimoto, siyo mwandishi, na bado sijaamua kama nimwamini. Ni ukurasa wa 41. Isome, halafu uniambie: nyinyi mlipokuwa chuo mlikuwa na mawazo kama haya, au ni huyu tu?”

Kisha aya yenyewe, ndani ya alama za kunukuu, bila neno lako hata moja katikati. Mwanzo wake umemsalimu mtu, ukampa jina la kitabu na kumwambia uko wapi. Sentensi inayofuata imemwambia nani anasema. Namba ya ukurasa itamsaidia siku akikipata kitabu, ingawa chapa hutofautiana, kwa hiyo ukiweza ongeza sura. Swali la mwisho ni la kweli, linalomhusu yeye, na hawezi kulijibu kwa kidole gumba. Maswali ya “unaonaje?” hayana mshiko, mtu aliyechoka na kazi ya siku nzima hawezi kuanza kutafuta aone nini.

Na maoni yako yakibadilika ukifika mbele, rudi kwa mtu yule yule umwambie. Mjomba atakumbuka ulimtetea nani.

Suala la nani amesema lina sura nyingine inayotuhusu watu wa kanda hii. Mwalimu Nyerere alizaliwa na kuzikwa Butiama, mkoa jirani wa Mara, na hakuna jina linalobandikwa kwenye maneno yasiyo yake kama jina lake. Picha yake, sentensi nzito, hakuna kitabu, hakuna tarehe. Maandishi yake halisi yapo: Tujisahihishe cha mwaka 1962, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania cha mwaka 1993, na hotuba zilizokusanywa vitabuni. Kama kitabu hakiko mbele yako na huwezi kutaja ukurasa, usitume. Ukitumiwa, muulize aliyetuma, kwa adabu, maneno hayo yametoka wapi. Swali hilo likiulizwa kwenye kundi mara kadhaa bila ukali, watu huanza kujiuliza wenyewe kabla ya kufowadi.

Kuandika, kupiga picha, kusoma kwa sauti

Kuandika kwa vidole ndiyo njia ninayoipendekeza, ingawa inachosha. Unapoinakili aya neno kwa neno unaiona ilivyojengwa: wapi mwandishi amefupisha, wapi ameongeza kivumishi kimoja tu kikatosha. Ujumbe wa maandishi pia hauli bando kama picha, na shangazi mwenye simu ndogo ya tochi anaweza kuupata kama meseji ya kawaida.

Tatizo ni simu kujifanya inajua. Ukiandika Kiswahili huku kibodi iko kwenye Kiingereza, itakubadilishia maneno bila kukuuliza, na majina ya Kikerewe ndiyo yanayoumia zaidi. Bugonoka akigeuzwa neno la ajabu, aya nzima imekosa heshima. Zima usahihishaji wa kujiendesha kabla hujaanza. Angalia ving'ong'o: ng'ombe na ngombe siyo tahajia moja, na jina la Kisukuma linaloanza na Ng'wa likikosa kile kialama juu, Msukuma ataliona mara moja. Ukimaliza, weka kidole kwenye kitabu na usome maandishi yako yakilinganishwa, sentensi kwa sentensi. Tahajia ya zamani iache ilivyo. Ukiruka maneno, weka nukta tatu ili msomaji ajue kuna kitu kimeachwa, na usiruke neno linalogeuza maana.

Mashairi yana taabu yake. Shairi la kimapokeo lina mshororo wenye vipande viwili, ukwapi na utao, na skrini ya simu ni nyembamba mno. Mshororo hukatika popote na vina vya kati hupotea machoni. Andika kila kipande kwenye mstari wake, acha nafasi kati ya beti, kisha mwambie unayemtumia kwamba umefanya hivyo ili simu isiharibu. Kwa mashairi huru mambo ni magumu kidogo. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiacha vina na mizani, watunzi wa kimapokeo walimjia juu, na sehemu ya ugomvi ule ilikuwa kuhusu mstari hasa ni nini. Kwenye shairi la namna hiyo, mahali mstari unapokatika ni uamuzi wa mshairi. Ukiyaunganisha maneno kama aya ya gazeti, hujamtumia mtu shairi. Kama huna uhakika na mkono wako, piga picha.

Picha nzuri ya ukurasa hupigwa asubuhi karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande, simu ikiwa sambamba na karatasi ili mistari isipinde. Jua la saa sita litaweka kivuli cha mkono wako katikati ya maneno. Usikandamize kitabu kwa nguvu ili kilale. Nakala za miaka ya 1970 na 1980 zilizounganishwa kwa gundi zimekauka, ukizibana mgongo unapasuka na kurasa zinaanza kutoka moja moja. Kata picha ibaki aya unayoitaka pamoja na namba ya ukurasa. Wala usipige mstari wa kalamu kwenye kitabu cha maktaba au cha kuazima ili aya ionekane. Weka kipande cha karatasi nyeupe chini ya mstari wa mwisho, kitafanya kazi hiyo hiyo.

Ujumbe wa sauti ni kwa wale ambao macho yamechoka, au hawakupata nafasi ya kusoma, au wanapenda tu kusikia. Bibi hahitaji picha ya ukurasa. Rekodi ndani, feni imezimwa, dirisha limefungwa; usijaribu kwenye meli wala ufukweni Kamanga, upepo utameza kila kitu. Mvua ikianza kupiga mabati, ahirisha. Anza kwa kutaja kitabu na mwandishi ndani ya sauti yenyewe, kwa sababu ujumbe wa sauti ukifowadiwa huachana na maandishi yaliyokuwa chini yake, na wiki ijayo mtu wa Sengerema atakuwa anasikia sauti yako bila kujua unasoma nini. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Usiigize sauti za wahusika wote. Badilisha kidogo tu kasi panapobadilika msemaji. Na kama bibi anakielewa Kikerewe au Kijita vizuri zaidi, soma Kiswahili kwanza, kisha eleza kwa lugha yake. Kitereza mwenyewe aliwaza hadithi yake kwa Kikerewe. Kumrudishia mzee wa Ukerewe kwa lugha hiyo ni kumpa kitu chake.

Tamthilia usiisome peke yako. Tafsiri za Nyerere za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, zinataka watu wawili au watatu waliogawana wahusika, hata kama ni kurasa mbili tu.

Mbele ya watu

Kusoma mbele ya kikundi kidogo kuna mizizi hapa. Usukumani kulikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee walikaa na vijana, wakasimulia na kufundisha. Mtu aliyekaa pale hakuhitaji kuombwa atulie. Vijiwe vya kahawa vina tabia karibu na hiyo, na saluni, na foleni ya wachuuzi wa dagaa Mwaloni Kirumba wakisubiri mzigo. Kwenye meli ya Nansio mna takriban saa tatu, na abiria wa pembeni ameshaangalia simu yake mpaka mtandao umekata.

Lakini usimvamie mtu na kitabu. Kiache kwenye goti kikionekana jalada; akiuliza unasoma nini, mwambie kwa sentensi moja, na akiuliza zaidi ndipo useme, “Ngoja nikusomee kidogo.” Aya moja, kisha funga kitabu huku kidole kikiwa ndani. Ukikiacha wazi ataona unataka kuendelea, na atakaa kimya kwa heshima. Ukikifunga, ataongea.

Fikiria pia mahali mlipo. Kwenye ziwa hili tuna vidonda viwili ambavyo havijapona. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu. MV Nyerere ikazama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na zaidi ya watu 200. Kitabu chako kikiwa na habari ya chombo kuzama, kaa nacho hadi ufike nchi kavu, na hata hapo usimtumie mtu bila kujua alimpoteza nani. Inawezekana anataka kuisoma. Mwulize kwanza.

Vivyo hivyo kwa mambo ya nyumbani. Rosa Mistika ina baba mlevi, Zakaria, anayempiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, na ina mambo ya mwili yaliyofanya izuiwe mashuleni kwa muda kabla ya kuja kuwa kitabu cha kiada. Ni riwaya muhimu na ningependa kila mzazi wa Mwanza aisome. Ila aya ya kipigo kile ukiitupa kwenye kundi la ukoo lenye baba, mabinti na wakwe, kuna mtu atakayeona nyumba yake imeanikwa hadharani. Mtumie mmoja mmoja. Kwa binti aliyepitia hayo, usitume kabisa mpaka mmekaa uso kwa uso na yeye ndiye ameanza.

Mwisho wa dondoo ni wapi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu sehemu ya kazi ya mtu kwa kiasi kinachofaa, mradi utaje mwandishi na kazi yenyewe. Aya moja yenye jina la Kezilahabi na la kitabu chake haina shida. Kupiga picha ukurasa kwa ukurasa hadi sura iishe, au kurusha riwaya nzima kama PDF kwenye kundi la watu mia mbili, ni kumnyang'anya mwandishi, na kwa mwandishi wa Kiswahili anayeuza nakala chache hilo linaamua kama kitabu kijacho kitatoka. Najua vitabu ni adimu na fedha ni ngumu. Ndiyo sababu hasa ya kumlinda anayeviandika. Mtu akikuomba PDF, mpe dondoo jingine na mwelekeze kitabu kilipo.

Kilipo ni kazi yako kukijua kabla ya kuanza kutuma. Ulizia maktaba ya mkoa ya Bodi ya Huduma za Maktaba hapa mjini kama wanacho, na kama una ndugu Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwombe aangalie maktaba yao. Wauza vitabu vya mitumba ukiwaachia namba ya simu na jina la kitabu hukumbuka. Kwa vilivyoko madukani Dar es Salaam, kwa mfano TPH Bookshop ya Mtaa wa Samora, kitabu husafiri kwa basi kama kifurushi kingine. Watu watatu wakichanga nauli ya mzigo, hakuna anayeumia.

Na kama nakala yako ndiyo pekee, iazimishe ukimaliza, siyo kabla. Andika kwenye daftari jina la mwazimaji, simu yake na tarehe, yeye akiona unaandika. Kama kitabu kinavuka maji, kifunge kwenye mfuko wa nailoni mara mbili na umkabidhi mtu mkononi, usikiache kwenye shehena. Mkubaliane kwamba akifika ukurasa wa 50 atakutumia dondoo alilolichagua yeye. Likifika, usimwambie kwamba wewe ungechagua lingine. Jibu swali alilouliza. Na mwezi ukipita hajatuma kitu, mpigie, msalimie, uliza watoto, kisha uliza kitabu. Kama hakijamwingia, kichukue bila lawama na umpe anayefuata kwenye daftari.